Kukonekti Power BI na Excel kwenye databesi za zamani: dalili, chanzo na namna ya kutoka

Ofisi nyingi huku kwetu mfumo wa stoo au wa mauzo bado ni ule ule uliofungwa miaka ya 2000, ukichungulia ndani unakuta databesi kama FoxPro, Access, SQL Server 2005 au 2008, wengine Pastel (programu ya uhasibu) yenye databesi ya Pervasive chini yake, na mfumo wenyewe unapiga kazi vizuri tu. Shida inaanza siku bosi anataka dashibodi na kazi umepewa wewe. Unafungua Power BI (programu ya Microsoft ya kutengeneza ripoti na dashibodi), unajaza jina la seva, unabonyeza, inakataa. Hapo wengi wanakimbilia kushusha draiva tatu nne (programu ndogo za kuunganisha ripoti na databesi) kwenye tovuti wasizozijua, wanaziweka zote, na kompyuta iliyokuwa na tatizo moja sasa ina matatizo manne.

Usianze hivyo. Kabla ripoti haijafikia data inapita kwenye draiva, kisha njia ya mtandao, kisha ruhusa, ndo inafika kwenye faili lenyewe, na meseji ya kosa karibu kila mara inakuonyesha umekwamia wapi. Kwa hiyo inakili neno kwa neno pamoja na namba yake, usiandike tu "imegoma". Na lingine nalisema mapema kwa sababu ndo linaumiza watu zaidi: ripoti iliyokataa kufunguka ina nafuu kuliko ripoti iliyofunguka ikiwa na namba za uongo. Ya kwanza utaihangaikia mpaka ipone, ya pili watu wataifanyia maamuzi.

Meseji za draiva: IM014, IM002, "provider is not registered"

Ukiona IM014 yenye maneno "architecture mismatch between the Driver and Application", au IM002 inayosema "Data source name not found and no default driver specified", au "The 'Microsoft.ACE.OLEDB.12.0' provider is not registered on the local machine", basi acha kabisa mambo ya paswedi na fayawoli, hujafika huko bado. Hapo programu ya ripoti na draiva haziko biti sawa, au draiva haipo kabisa. Programu ya biti 64 haiwezi kutumia draiva ya biti 32, na kinyume chake pia haiwezekani, hakuna tiki ya kuweka mahali ikakubali.

Windows ya biti 64 ina ODBC (sehemu ya kusimamia draiva za databesi) mbili na majina ya folda zake yamekaa kinyume na unavyotegemea. C:\Windows\System32\odbcad32.exe ni ya biti 64, na C:\Windows\SysWOW64\odbcad32.exe ni ya biti 32. Mtu anatengeneza DSN (muunganisho uliohifadhiwa kwa jina) kwenye moja, anaijaribu inasema imekubali, anaenda kwenye Power BI haioni, anadhani Power BI ni mbovu kumbe DSN iko upande wa pili. Fungua zote mbili uangalie draiva yako iko ipi. Kwa Excel nenda File, Account, halafu About Excel, pale juu utaona kama ni 32 au 64.

Kwenye Access kuna kero yake. Ukiwa na Office ya biti 32 na unataka Access Database Engine ya biti 64 kwa ajili ya Power BI, kisakinishi kinakataa kikikwambia uondoe Office kwanza. Watu wanakilazimisha kwa kukiendesha kwenye Command Prompt na /quiet, na toleo la 2016 mara nyingi linakubali, ila Microsoft hawaungi mkono mchanganyiko huo na binafsi siupendi, unaweza kukaa sawa miezi halafu Office inajiapdeti na kitu kinavunjika. Afadhali uhamishe Office iwe biti 64 moja kwa moja, labda kama kuna makro za zamani zinazotegemea biti 32, hapo fanya kazi hii kwenye kompyuta nyingine. Na kama faili la .mdb ni la Access 97, kuanzia Access 2013 halifunguki tena, tafuta mashine yenye Access 2003, 2007 au 2010 ulibadilishe kwanza.

FoxPro, hapa ndo penye kazi

FoxPro ina habari yake peke yake. Toleo la mwisho, 9.0, lilitoka 2004, msaada ukafungwa Januari 2015, na Microsoft hawakuwahi kutoa draiva ya biti 64. Kwa hiyo kama unasubiri kuipata ili uiweke kwenye Power BI ya biti 64, acha kutafuta. Zipo mbili za biti 32: ya ODBC ambayo uwezo wake uliishia kwenye toleo 6, na ya OLE DB (njia nyingine ya kuunganisha, tofauti na ODBC) inayoitwa VFPOLEDB ambayo inaelewa mpaka 9. Ukipata "is not a table" kwenye faili ambalo mfumo wenyewe unalifungua vizuri, mara nyingi unatumia ile ya ODBC kwenye jedwali lenye kitu kilichoongezwa baada ya toleo 6, kama safu inayojihesabu yenyewe. Hamia VFPOLEDB.

Wengine wanajaribu kusoma DBF (mafaili ya majedwali ya FoxPro) kwa draiva ya Access ya biti 64, ile sehemu ya dBASE, na inakubali kwa baadhi ya mafaili halafu kwa mengine inasema "External table is not in the expected format". Sababu ni kwamba DBF si aina moja. Baiti ya kwanza ya faili ndo inasema ni ya kizazi gani, na unaweza kuiangalia kwa PowerShell ya kawaida ya Windows:

Get-Content .\MAUZO.DBF -Encoding Byte -TotalCount 1

Ikitoka 3 hiyo ni dBASE III au FoxPro ya zamani isiyo na memo (safu ya maelezo marefu), draiva ya Access itaisoma bila shida. Ikitoka 131 ni dBASE III yenye memo. 245 ni FoxPro 2 yenye memo. Ikitoka 48, 49 au 50 hiyo ni Visual FoxPro, usipoteze muda na draiva ya dBASE.

Kwa hizo za Visual FoxPro, njia ambayo mimi naiamini ni kutoa data kwa kitu cha biti 32 halafu Power BI isome kilichotolewa. Windows tayari ina PowerShell ya biti 32, iko C:\Windows\SysWOW64\WindowsPowerShell\v1.0\powershell.exe, unaweka VFPOLEDB, unaandika mistari kama hii:

$c = New-Object System.Data.OleDb.OleDbConnection("Provider=VFPOLEDB.1;Data Source=D:\nakala\")
$a = New-Object System.Data.OleDb.OleDbDataAdapter("SELECT * FROM mauzo WHERE NOT DELETED()", $c)
$t = New-Object System.Data.DataTable
[void]$a.Fill($t)
$t | Export-Csv D:\toleo\mauzo.csv -NoTypeInformation -Encoding UTF8

Kama mfumo una faili la .DBC (linalokusanya majedwali kuwa databesi moja), Data Source elekeza kwenye hilo faili, kama hauna elekeza kwenye folda. Hiyo NOT DELETED() usiiache, sababu yake nimeieleza chini. Ukishaona inatoa, iweke kwenye Task Scheduler ijiendeshe usiku, na hakikisha Task Scheduler inaita hiyo PowerShell ya SysWOW64, maana ukiita ya kawaida utarudi kwenye "provider is not registered" na utaanza kulaumu script.

Ukinakili folda ya data nakili vyote, DBF peke yake haitoshi. Maelezo marefu yanakaa kwenye FPT, indeksi ziko kwenye CDX, na DBC ina wenzake DCT na DCX. FPT ikibaki nyuma utaambiwa faili la memo halipo au ni bovu. Na nakili wakati watu wametoka kwenye mfumo, ukichukua katikati ya kazi unaweza kupata invoisi yenye kichwa isiyo na bidhaa ndani yake.

Kwangu inafanya kazi ila kwenye ratiba inafeli

Hii inakera sana kwa sababu ukikaa mwenyewe ukabonyeza Refresh inaenda, usiku ikijiendesha inafeli. Aliyeingia kwenye kompyuta ni wewe, lakini usiku anayefanya kazi ni sevisi, na sevisi ni mtu mwingine kabisa machoni pa Windows. Ile diski Z: uliyounganisha ni ya kwako, sevisi haiioni, kwa hiyo njia iandike kwa ukamilifu wake kama \\SEVA\data\. DSN uliyotengeneza kama User DSN ni yako pia, tengeneza System DSN. Na ile gateway ya Power BI (programu inayopitisha data ya ofisini kwenda Power BI ya mtandaoni) ikishawekwa inaendeshwa na akaunti yake, NT SERVICE\PBIEgwService, ambayo kwenye folda ya kompyuta nyingine haina ruhusa yoyote mpaka ubadilishe itumie akaunti ya mtandao wenu iliyoruhusiwa pale.

Access ina nyongeza: kumpa mtu ruhusa ya kusoma tu kwenye folda kunaweza kuleta kosa, maana Access ikifungua inataka kuandika faili dogo la .ldb au .laccdb pembeni. Ama uruhusu kuandika kwenye folda ama, na hii ndo naipendelea, ripoti isome nakala iliyoko folda nyingine.

SQL Server ya zamani

Kwanza ujue kama unaifikia. Kwenye PowerShell:

Test-NetConnection SEVA -Port 1433

TcpTestSucceeded ikiwa False, tatizo ni njia. Kama ni Express (toleo la bure la SQL Server), TCP/IP inakuja imezimwa, nenda SQL Server Configuration Manager uiwashe halafu uanzishe upya sevisi. Kama jina lako lina mkwaju, kwa mfano SEVA\SQLEXPRESS, basi kuna uwezekano inatumia poti nyingine inayobadilika na inategemea SQL Browser (sevisi inayotaja poti ya kila databesi) kwenye UDP 1434, fayawoli ikiziba hiyo hutapata kitu hata kama 1433 iko wazi. Dawa ni kuipa poti moja isiyobadilika na kuandika SEVA,poti kwenye jina.

Njia ikiwa wazi halafu unapata mambo ya "SSL Security error" au "do not possess a common algorithm", hapo seva ya zamani na kompyuta mpya hazina lugha moja ya usimbaji. SQL Server 2008 na 2008 R2 zinaweza TLS 1.2 (usimbaji wa kisasa) ila kwa viraka vilivyotoka 2016, seva nyingi nilizoziona hazijawahi kuwekewa. 2005 na 2000 hazina kabisa. Na "certificate chain was issued by an authority that is not trusted" inakuja zaidi kwa waliohamia ODBC Driver 18, maana kuanzia hiyo usimbaji unawashwa wenyewe na seva yako ina cheti ilichojitengenezea. TrustServerCertificate=yes itapitisha, na Power BI yenyewe itakuuliza kama uendelee bila usimbaji. Ndani ya ofisi, waya kwa waya, mimi nakubali. Kupitia intaneti hapana, weka VPN kwanza, usiwe mtu aliyefungua 1433 ya databesi isiyopata viraka tangu Julai 2019 ili tu bosi aone grafu akiwa safarini.

Kosa 18456 ni la kuingia. Upande wako litaonyesha State 1 kila mara, ukweli uko kwenye ERRORLOG ya seva: State 5 ina maana yuza hayupo, 8 paswedi si sahihi, 58 unatumia yuza wa SQL kwenye seva iliyowekwa ikubali wa Windows tu. Na tafadhali usitumie sa (yuza mkuu wa seva) kwenye ripoti. Tengeneza yuza mpya, mpe db_datareader (ruhusa ya kusoma tu), basi.

Oracle na Pastel, kwa ufupi

Oracle: ORA-12154 jina halijapatikana, angalia tnsnames.ora (faili la majina ya seva) na TNS_ADMIN (inayotaja folda yake), mara nyingi kuna klaienti mbili (programu za Oracle kwenye kompyuta yako) na kila moja ina tnsnames yake. ORA-12541 hakuna anayesikiliza kwenye hiyo poti, kwa kawaida 1521. ORA-12514 msikilizaji yupo ila haijui hiyo sevisi. ORA-28040 klaienti ni mpya mno kwa seva, au seva ni ya zamani mno kwa klaienti, vyovyote utakavyoiona, rudi kwenye klaienti ya 11.2 kama seva ni 10g.

Pastel yenye Pervasive inahitaji FILE.DDF, FIELD.DDF na INDEX.DDF ndani ya folda ya kampuni, bila hizo ODBC haijui kuna majedwali gani. Ukikonekti ukaona orodha tupu, anza kuangalia hapo, halafu hakikisha DSN imeelekezwa kwenye kampuni sahihi, maana kila kampuni ina folda yake na ni rahisi kusoma ya mwaka juzi.

Imekubali, ila namba haziendani

Sasa hapa. Mhasibu anakwambia mauzo ya mwezi kwenye mfumo ni kiasi fulani na dashibodi inaonyesha zaidi. Usimbishie, kaa naye.

Kwenye DBF mtu akifuta rekodi haifutiki, inawekewa alama tu na inabaki ndani mpaka mtu aendeshe PACK (amri ya kuziondoa kabisa), na kwenye mifumo mingi PACK haijaendeshwa miaka. Chukua nakala ya faili uifungue kwa Notepad uone mwenyewe: kila rekodi inaanza na nafasi tupu moja, ila zilizofutwa zinaanza na nyota, *, na baada ya nyota invoisi iko pale nzima, jina la mteja, kiasi, tarehe. Programu ya FoxPro inazificha, ila draiva zina kipengele cha rekodi zilizofutwa na kikikaa vibaya zote zinakuja kwenye ripoti yako kama mauzo halali. Kila invoisi ambayo keshia aliikosea akaifuta inahesabiwa. Ndo maana ya ile NOT DELETED().

Tarehe nazo. Tarehe tupu ya FoxPro ikipita VFPOLEDB inafika kama 30 Desemba 1899, na kwenye SQL Server maandishi matupu yakigeuzwa kuwa tarehe yanakuwa 1 Januari 1900. Ukikuta mkopo umechelewa miaka zaidi ya mia, tarehe ya malipo ilikuwa tupu tu. Zigeuze kuwa null (tupu) kwenye Power Query (sehemu ya Power BI na Excel ya kusafisha data) kabla ya kitu kingine, vinginevyo Power BI itatengeneza kalenda ya siri kuanzia 1899 na faili litanenepa bure. Halafu kuna siku na mwezi kupishana, CSV ikitoka kwenye seva iliyowekwa mpangilio wa Marekani tarehe 3 Aprili inasomeka 4 Machi, na kuanzia tarehe 13 ndo inakataa, kwa hiyo ukiona makosa yanaanzia tarehe 13 kila mwezi umeshapata jibu.

Safu za maandishi za zamani zina urefu maalum, msimbo wa bidhaa "0012" unaweza kufika ukiwa na nafasi sita nyuma. Kwa macho ni sawa, kwenye Merge ya Power Query (kuunganisha majedwali mawili) haziungani na bidhaa inapotea kwenye jumla. Fanya Trim (kukata nafasi tupu) pande zote mbili. Power Query pia inatofautisha herufi kubwa na ndogo wakati SQL Server kwa kawaida haitofautishi, Mwanza na MWANZA kwake ni mikoa miwili. Na namba za simu au misimbo inayoanza na 0, zuia isizigeuze kuwa namba, sifuri ikishaliwa hairudi.

Kuna moja la kwetu kabisa, ile koma ya juu kwenye ng'. Mteja wa Chang'ombe anaweza kuonekana ChangÆombe, hapo data iliandikwa Windows na inasomwa kama ya DOS, baiti ile ile ambayo kwa mmoja ni koma ya juu kwa mwingine ni Æ. Na kama unachuja kwa kweri (amri ya SQL) uliyoiandika kwa mkono, hiyo koma inakata sentensi katikati na unapata kosa la sintaksi kwa wateja wachache tu, wengine wote wanatoka. Iandike mara mbili, 'Chang''ombe'.

Mfumo unaganda ripoti ikisoma

Ukisikia mapokezi wanalalamika saa ile ile unayofanya Refresh, ni wewe. Kwenye SQL Server wengi wanaweka NOLOCK (kusoma bila kusubiri wanaoandika), na kwa ripoti ya pesa siwashauri, inaweza kusoma muamala ambao baadaye umerudishwa nyuma. Ondoa ripoti kabisa kwenye databesi laivu: kila usiku rejesha bakapu kwenye seva nyingine na usome hapo. SQL Express inatosha kwa wengi, kikomo chake ni GB 10 kwa databesi moja kwa matoleo ya 2008 R2 mpaka 2022. Bakapu ya SQL Server 2000 haiingii moja kwa moja kwenye 2012 au mpya zaidi, ipitishe kwanza 2008. Kwa FoxPro na Access ni ile nakala ya folda niliyosema.

Ukishamaliza yote, kabla hujamtumia mtu kiungo cha dashibodi, chukua mwezi mmoja uliokwisha kufungwa, chapisha ripoti ya mfumo wenyewe, weka pembeni ya ya kwako. Jumla zikiachana gawanya kwa siku, siku uliyoipata igawanye kwa tawi au keshia, shuka mpaka ubaki na invoisi moja isiyo sawa, ifungue kwenye mfumo na kwenye ripoti uone safu ipi inapishana. Kisha fanya mwezi wa pili, uchague wenye marekebisho mengi, na mhasibu awe amekaa hapo hapo.